Rangi za Konokono wa Muanda

Vijana wa bariyeri, kizuizi cha njia kilicho kabla ya Marabo, walimteremsha Tharcisse kwenye pikipiki, na kitu cha kwanza walichoshika hakikuwa kitambulisho. Ilikuwa bokali, chupa ya mdomo mpana, aliyoikumbatia kifuani.

"Papa, hii nini? Sikio ya mutu?"

Ndani ya alkoli ya kuhifadhia kulilala kitu cheupe, urefu wa kidole gumba. Tharcisse, mfagiaji wa chumba cha sayansi katika lise moja, shule ya sekondari ya Nyakasanza mjini Bunia, alijibu upesi.

"Iko konokono, chef. Ya bahari, haina nyumba mugongoni. Madame Sylvie, mwalimu wetu, aliileta toka Muanda. Napelekea padri, Abbé Félicien, yeye atafikisha kwa profesa Kisangani, aangalie kama iko na jina."

"Konokono inatafuta jina!"

Wakacheka mpaka wakapigana mabega, lakini midomo ya bunduki haikugeuka upande.

Wakubwa walikuwa wametangaza redioni kwamba amani imerudi. Wakubwa hawapiti njia hii, wanapita juu kwa ndege. Mke wa Tharcisse, Léonie, alitokwa na damu siku mbili akingoja njia hiihii ifunguliwe, na wao wako mezani wanagawana vyeo. Alizikwa kabla hawajamaliza kugawana.

Mkuu wa bariyeri, kijana waliyemwita Davy, akafungua karatasi iliyofungwa kwa mpira shingoni mwa bokali. Akasoma kwa sauti:

"Mwili, bluu ya kukoza. Mgongoni, mstari mmoja wa manjano. Ukingo, mweupe. Pembe mbili, nyekundu..." Akainua bokali juani. "Muzee, bluu iko wapi?"

"Alkoli inakula rangi, chef. Ndiyo maana madame aliandika wakati ingali hai."

"Unanichezea! Hii ni barua ya siri. Bluu ni kundi gani? Pembe mbili ni njia gani?"

Mwenzake mmoja akamsogelea Tharcisse mgongoni, karibu sana, akanuka moshi na mvua.

"Hesabu, chef." Sauti ya Tharcisse ilitoka nyembamba kama ya mgonjwa. "Rangi imekufa, umbo iko. Pembe mbili mbele. Nyuma, matamvua ya kupumulia, saba, yamekaa kama ua."

Davy akahesabu kwa ukucha juu ya kioo. Sita. Jasho likamshuka Tharcisse mpaka kiunoni. Davy akageuza bokali, akaanza upya, polepole.

Saba.

"Bon. Chukua mududu yako. Karatasi inabaki."

Orly, mwenye pikipiki, alikuwa ameshawasha. "Papa, panda! Unangoja nini tena?"

Tharcisse akapandisha mguu mmoja. Madame alisema konokono wengi wa baharini wana umbo hili, ni rangi zinazomtenga huyu na ndugu zake. Bila karatasi, Kisangani kingefika kipande cheupe cha nyama, basi. Akaushusha mguu.

"Chef, unisomee tena. Mara moja tu."

Nyuma yake chuma cha bunduki kikalia: ka!

"Muzee, unataka kufa juu ya konokono?"

"Hapana. Naogopa sana. Soma tu."

Davy akaikunjua karatasi. Kisha akasoma mbiombio, kama mtu anayegombeza: bluu, manjano, nyeupe, pembe nyekundu, matamvua ya rangi ya chungwa, ncha nyeusi.

Njia nzima Tharcisse alirudia midomoni, akiogopa kila shimo lisije likamtikisa rangi moja ikaanguka. Majani yakitikisika kando ya njia, aliinama nyuma ya mgongo wa Orly, akaanza tena kwenye bluu.

Walipofika, Abbé Félicien akatoka nje ya nyumba ya parokia, mkono umenyooshwa. "Karibu, papa Tharcisse! Habari ya Bunia?"

Tharcisse hakuushika ule mkono.

"Andika kwanza, Abbé. Mwili, bluu ya kukoza."