Doti, Si Doto

Kama kuna neno lililomchosha Irankunda mjini Tabora, ni "Doto". Kila alipopita mtaa wa Ng'ambo na mfuko wa kompyuta begani, hakukosa wa kumwuliza, "Vipi, Doto hajambo?" Naye hujibu vilevile, "Doti. Ni Doti, si Doto." Watu hucheka, na kesho yake hurudia.

Doti ni shujaa wa mchezo wa simu, kikaragosi mnene mwenye kichwa kikubwa na pengo la jino moja, anayeruka mashimo na mito kutoka kambi hadi kambi kwenye njia ya zamani ya misafara. Irankunda, binti wa wakulima wa Ulyankulu, alimchora mwenyewe akiwa bado chuoni. Alimtwisha robota la nguo, tena begani na si kichwani, kama walivyobeba wapagazi wa Kinyamwezi. Na kwa kuwa nguo za misafara zilihesabiwa kwa doti, kama kanga zinavyohesabiwa hadi leo, jina likapatikana hapohapo.

Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini vikiundwa na wengi hupotea umbo. Katika toleo la pili, Renatus, mkuu wa kampuni inayouza mchezo huo huko Dar es Salaam, alisema robota linamzuia Doti kuruka. Likaondolewa. Katika la tatu, tumbo likapunguzwa. Katika la nne akavishwa miwani ya jua, na usiniulize kwa nini. Robota lilipotoka, jina likakosa pa kushikia, na watu wa Tabora wakalivuta kwenye jina walilolijua wao. Unyamwezini Doto ni pacha aliyezaliwa wa pili, wa kwanza ni Kulwa, na huwezi kumtaja mmoja ukanyamaza. "Kulwa yuko wapi?" wakaanza kuuliza. Wengine walimaliza mchezo mara tatu wakimtafuta huyo Kulwa.

Sasa Renatus alitaka mchezo mwingine wa Doti, huu wa kupiga risasi. Pale begani ikakaa bunduki. Irankunda hakuipenda hata kidogo, ila aliambiwa waziwazi: Jumamosi watu arobaini wa Tabora, kuanzia mjini hadi Goweko, wataujaribu. Wasipovuka hatua ya kwanza, Doti anaondolewa sokoni na hachorwi tena. Muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo adui, rugaruga anayenyang'anya misafara, hakuchorwa upya. Alichukuliwa Doti yuleyule, akapakwa rangi nyekundu, akavuliwa miwani.

Jumatatu Irankunda akawapa majirani waonje. Abasi fundi simu, mwenye vidole vyepesi kuliko mtu yeyote Ng'ambo, aliwafyeka fisi wote, akawamaliza nyoka, akamfikia rugaruga, akafa. Akaanza upya, akafa palepale. Watu tisa walicheza, na wote tisa walifia hapo. "Mchezo mzuri," walisema wakirudisha simu, na hakuna aliyeiomba tena.

Irankunda alishikwa na udadisi hadi ugali ukampoa mbele yake. Labda kitufe ni kidogo? Akakikuza. Labda risasi zinachelewa? Akaziharakisha. Watu wakaendelea kufa, tena mapema zaidi.

Jumatano asubuhi akaenda kwa mama Pelagia, fundi cherehani, aliyekwisha kumaliza kila toleo kati ya mteja mmoja na mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta Doto?"

"Doti, mama." Akampa simu. "Leo sitazami kioo. Nataka kutazama kidole chako."

Kidole gumba cha Pelagia kilicheza kama sindano ya cherehani yake, na fisi wakaanguka. Kisha rugaruga akatokea nyuma ya mti. Pelagia akakiinua kidole kabisa kutoka kwenye kitufe cha bunduki, akamsogeza Doti mbele polepole, mpaka wakawa ana kwa ana. Rugaruga akafyatua, Doti akaanguka.

"Mama! Mbona hukumpiga?"

Pelagia alimtazama kama mtu aliyeambiwa atie chumvi kwenye chai. "Nimpige nani? Huyu si Kulwa?"

"Ni rugaruga huyo!"

"Mwenye pengo lilelile? Kichwa kilekile? Miaka yote tunamtafuta, leo umetuletea, halafu unatupa bunduki." Akaiweka simu pembeni, akavuta kitambaa chake kwenye cherehani. "Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi jembe langu ni hili."

Irankunda alicheka, kisha akaona aibu. Alikuwa amekwepa kazi ya kuchora uso wa pili, na watu tisa wamekubali kufa kuliko kuupiga.

"Sasa ulikuwa unamwendea ili iweje?"

"Nimsalimie. Nilidhani umeweka kitu pale."

Hakuwa ameweka kitu. Alitoka mbio hata kuaga akasahau.

Kwa siku mbili alichora bila kumwomba mtu ruhusa, ingawa Renatus hakuwa ameagiza hivyo. Fisi na nyoka aliwaacha wapigwe. Ila kwa rugaruga, ukishusha bunduki na kumsogelea, naye anashusha yake. Robota la zamani linarudi, zito kupita nguvu za mtu mmoja, likining'inia kwenye gongo refu, na wawili hao wanalibeba mzega, kila mmoja na bega lake. Na tumbo la Doti alilirudisha, kwa raha yake mwenyewe.

Jumamosi mchana simu ikaita.

"Irankunda, umefanya nini?" Renatus alifoka. "Watu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyempiga adui! Huu ni mchezo wa risasi au wa harusi?"

"Wamefika hatua ya ngapi?"

Upande wa pili karatasi zilichakarika.

"Wamemaliza," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Wote. Wanauliza hatua nyingine inatoka lini." Akavuta pumzi. "Haya, mama. Kwenye tangazo niandike nini?"

Irankunda aliwatazama wale wawili kwenye kioo, na mapengo yao nje, wakiubeba mzigo wao. Likamtoka neno alilolikataa kwa miaka minne.

"Andika Doto kampata Kulwa."