Ubao wa Sinki

Jumatatu asubuhi, Kapteni alipokuwa anasuuza kikombe, sinki la gari lao lilizama upande mmoja na kuacha ufa wa kuingia kidole. Mkewe alifungua kabati la chini akachungulia. Ubao wa juu, ule uliobeba sinki, ulikuwa umevimba na kuwa mweusi. Alipougusa ulimegeka kama mkate uliolowa. Maji yalikuwa yamepenya humo kwa miezi.

Gari lenyewe zamani lilikuwa la mizigo. Kapteni alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini na moja, na jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa jinsi alivyopenda kutoa amri. Alipostaafu alilinunua gari hilo, akalitoboa madirisha, akatia kitanda, makabati, jiko dogo la gesi na sinki. Kila skrubu iliyomo aliikaza yeye. Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo walitakiwa waondoke nalo, mwendo wa siku mbili, kwenda kumwona binti yao aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza.

"Nimwite seremala?" mkewe aliuliza.

"Seremala? Nikifa ndio umwite, aje kupima jeneza."

Mke hakubishana. Alikuwa fundi cherehani, mtaa mzima ukimwita Fundi, na chumba chake cha kazi kilitazamana na gari pale uani, kwa hiyo kesho yake aliweza kushona huku akimwona mumewe kupitia dirishani. Alimwona akishusha plaiwudi mpya. Akamwona akipima urefu wa kabati, akaandika, akapima tena, akafuta, akapima mara ya tatu. Mtu huyu zamani alikuwa akikadiria upana wa daraja kwa jicho tu.

Fundi aliacha nguo mezani akatoka. Tarakimu zilizoandikwa kwenye ubao zilikuwa ndogo, zimebanana.

"Tangu lini unaandika kama sisimizi?"

"Penseli imekufa ncha."

Ncha ilikuwa kali. Fundi aliiona, akanyamaza. Siku hizo alikuwa amezoea kunyamaza. Kwa miezi kadhaa Kapteni hakuwa amevaa shati lenye vifungo, eti fulana haziwashi. Mashati hayo yote alimshonea yeye kwa mkono wake, na jambo hilo lilimuuma kimyakimya, akidhani mume amemchoka na sasa ameanza na mashati.

Kapteni aliligeuza sinki juu chini, akaliweka kwenye plaiwudi, akalizungushia penseli. Kisha akatoboa tundu kwa drili, akaingiza msumeno mdogo wa umeme na kuanza kukata kwenye mstari uleule. Fundi alisogea karibu. Sinki hushikiliwa na mdomo wake. Tundu lazima liwe dogo kuliko ule mdomo, la sivyo litashikwa na nini? Hilo Kapteni alilijua kabla hata hawajaoana. Fundi alifungua kinywa, akakifunga. Msumeno ukayumba kulia, ukarudi, ukaruka.

Kapteni alipolipachika sinki, lilipita moja kwa moja na kuanguka sakafuni kwa kishindo.

"Umenisemesha!" alifoka.

"Mimi? Sijasema neno."

"Ulikuwa umesimama hapo!"

Alitupa penseli, akatoka getini bila kuvaa viatu vyake vya kutokea.

Fundi alibaki na ubao ulioharibika. Akafikiri ausukumie chini ya kitanda cha gari mpaka hasira zimwishe mwenyewe. Alipoinua godoro na mfuniko wa kitanda, alikuta mle ndani mbao nyingine mbili. Zote zilikuwa za kipimo kilekile, zote zina tundu la sinki, na kingo za matundu hayo zilikuwa zimepindapinda kama njia ya mlevi. Moja ilikuwa na doa la damu kavu. Akakumbuka wiki tatu nyuma, mume amefunga kitambaa kidoleni akidai amekatwa na kopo.

Kumbe mumewe alijua siku nyingi kwamba ubao unaoza. Kumbe kila yeye alipokwenda kuwapelekea wateja nguo, mume alikuwa humu akijaribu, akishindwa, akificha. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda.

Kapteni alirudi alasiri. Alizikuta mbao zote tatu zimeegemezwa kwenye mlango wa gari. Alizitazama kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Hizi ni nini, baba watoto?"

"Mbao."

"Nimekuuliza kwa heshima."

Kapteni aliketi kwenye ngazi ya gari, akaukalia mkono wake wa kulia.

"Mkono huu hautii tena," alisema. "Nauambia hivi, wenyewe unafanya vile. Ulianza kidogokidogo, kwa vifungo vya mashati. Nikasema ni uzee, utatulia."

"Na barabarani?"

Kapteni aliutazama usukani kupitia mlangoni.

"Safari ile ya mwezi jana," alisema. "Ulikuwa umelala. Gari lilihamia upande wa pili, mimi sina habari. Nilishtuliwa na honi ya lori."

"Ukaniambia mbwa amekatiza."

"Nikakwambia mbwa."

"Yaani ungeniua usingizini, halafu umsingizie mbwa!"

"Nawe hukuuliza hata alikuwa wa rangi gani."

Kicheko kiliwatoka wote wawili kabla hawajakizuia, kikakatika ghafla. Fundi ndiye aliyeanza kulia, tena kwa hasira, akijifuta kwa upande wa kanga.

"Tunakwenda kwa daktari."

"Daktari atanipokonya leseni."

"Aichukue."

"Bila leseni mimi nitakuwa nani?"

Fundi alianza kuzikusanya zile mbao, moja baada ya nyingine.

Jumatano asubuhi aliingia garini na karatasi za kaki alizotumia kukatia mitindo ya nguo. Aliitandaza karatasi juu ya kabati, akaikunja kwenye kingo, akaikata kwa mkasi kama anayekata kola. Akachora mdomo wa sinki, kisha ndani yake akachora mstari mwingine, upana wa kidole. Kapteni alisimama mlangoni akitazama. Hakutoa amri yoyote, na ukimya huo ulimtisha mkewe kuliko makelele ya jana.

"Njoo unishikie," alimwambia.

Kipande cha plaiwudi kilichobaki kilitosha kwa shida. Wakakiweka juu ya viti viwili uani. Kapteni alikilalia kwa kifua na mikono yote miwili ili kisiruke. Fundi alipoweka kiganja juu ya ubao alihisi mtetemo, na msumeno ulikuwa bado haujawashwa. Alimtazama mumewe usoni. Mume akafumba macho.

"Usiusukume," Kapteni alinong'ona. "Uache ujilie wenyewe."

Akauacha ujilie. Walichukua karibu saa nzima kwa kazi ya dakika kumi. Wakapiga msasa, wakapaka vanishi hasa kwenye kingo za tundu ili zisinywe maji, na ilipokauka Fundi akazungusha gundi ya silikoni na kuilainisha kwa kidole kilicholowa sabuni. Sinki likakaa. Alhamisi asubuhi walimwaga maji ndoo nzima. Chini ya kabati hapakuwa na tone.

"Kwa hiyo Jumamosi tunaondoka," Kapteni alisema, nusu akiuliza.

"Vaa viatu. Zamu yetu kwa daktari ni saa nne."

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimwambia Kapteni aandike sentensi yoyote, afungue na kufumba vidole, kisha atembee ukumbini aende na kurudi. Aliutaja ugonjwa kwa jina refu ambalo Fundi hakuweza kulirudia. Dawa zipo, alisema, zitapunguza, haziponyi. Na kuendesha gari aache, mpaka yeye daktari atakapoamua vingine.

Nje, Kapteni alitoa funguo za gari mfukoni, akamkabidhi mkewe, asiyejua kuendesha, bila kumtazama. Wakarudi nyumbani kwa miguu, kama walivyokuja.

Jumamosi walipanda basi. Binti alikuwa ameambiwa kwenye simu kwamba gari lina hitilafu ndogo. Mengine, walikubaliana, atayasikia wakifika. Kapteni alikaa dirishani, mkono wa kulia ameutia mfukoni. Kila basi lilipokaribia kona, mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu, ukashikilia pale mpaka kona iishe. Fundi aliuona. Akajifanya anatafuta maji kwenye mkoba, akaendelea kuyatafuta kwa muda mrefu.