Pembe ya Baba Ngendo

Wachuka aliposikia mumewe ameanguka kwenye karamu ya mbuzi huko Chaka, hakulia. Alijifunga kilemba akashika njia ya hospitali, Nyeri mjini, akimwomba Mungu asimchukue Nderitu. Si kwa mapenzi, ala! Alikuwa na jambo lake naye, na maiti haioni aibu.

Alimkuta kwenye chumba cha dharura, mdomo umekwenda upande, nesi Gaceri amesimama juu yake kama mwalimu mkali.

"Presha imekuangusha, mzee. Ukirudia pombe, chumvi na mafuta, utaletwa tena, na siku hiyo hutatoka kwa miguu yako. Kula mboga. Kunywa uji. Tembea kila asubuhi."

"Mboga tu? Kwani mimi ni mbuzi?"

"Mbuzi hana presha, mzee. Nani anakupikia?"

"Ni mimi," Wachuka akasema, na kila neno la nesi akaliweka moyoni. Gaceri alidhani mgonjwa wake amebahatika kupata mke mwema. Thubutu!

Ngendo alikuwa kifungua mimba wao. Angali shuleni, tajiri mmoja mzee wa Wang'uru alileta pombe ya posa. Sasa, kwao pombe hiyo hainywewi mpaka binti aulizwe mbele ya wazee, naye aseme kunyweni. Ngendo aliulizwa akasema hapana. Tena alisema kwa sauti. Nderitu akacheka, ati mtoto ana haya, akainua pembe ya pombe akanywa. Msichana akapelekwa kwenye mashamba ya mpunga, akafia uzazi kabla hata hajazoea mbu wa huko. Tangu hapo Nderitu hakulitaja jina lake. Alitaka aitwe Baba Kabura, kwa jina la binti mdogo, na kijiji kizima kikamtii. Wachuka peke yake ndiye aliyekataa.

"Amka tutembee, Baba Ngendo," alimwambia kila kulipokucha, akampitisha na mkongojo wake mbele ya kilabu cha pombe, wenzake wakimchungulia. Jioni alimpa mboga za managu zisizo na chumvi na githeri ya mahindi na maharage isiyoonja mafuta. Jirani akichinja, Nderitu alipata harufu tu.

"Wewe mwanamke, unataka kuniua!"

"Nikuue upumzike? Wewe utaishi, Baba Ngendo. Utaishi sana."

Na kweli akanawiri. Mdomo ukanyooka, tumbo likaisha. Gaceri alipompima alifurahi mpaka akampigia Wachuka makofi. Nderitu alimtazama nesi yule kwa macho ya mtu aliyefungwa jela.

Ndipo posa ya Kabura ikaja. Mchumba wake, Mutahi, alikuwa kijana mwalimu, na Kabura alimpenda waziwazi. Wazee walipomuuliza, "Tunywe, mama?" alijibu bila kusita, "Kunyweni!" Vigelegele vikapasua boma. Baba mtu ndiye wa kwanza kunywa. Nderitu akaipokea pembe kwa mikono miwili, macho yanameremeta. Tangu hospitali alikuwa akiingoja siku hii. Nani angethubutu kumzuia mbele ya wakwe?

Wachuka akasimama katikati ya wazee, mahali ambapo mwanamke hasimami.

"Nesi alisema nini?"

"Tone tu, mama. Binti mwenyewe amesema tunywe, si umesikia?"

"Nimesikia. Huyu amesema kunyweni, na wewe hutakunywa. Ngendo alisema hapana, ukanywa."

Wachuka aliichukua ile pembe, akampa Wamae, ndugu wa Nderitu, anywe kwa niaba ya ukoo ili Kabura asiharibikiwe na siku yake. Kisha akamwekea mumewe mkononi kikombe cha uji, bila sukari.

"Kunywa, Baba Ngendo. Wageni wanakungoja."

Nderitu akanywa mbele yao wote, uji ukimchirizika kidevuni. Wachuka alikuwa ameiota aibu ile miaka mingi, na sasa aliitazama bila kupepesa. Ikawa tamu, wacha nisidanganye.

Alipoteremsha kikombe, Nderitu alisema polepole, "Ngendo." Akajifuta kidevu. "Nilimsikia. Siku ile nilimsikia vizuri."

Wachuka akamjazia kikombe tena.