Aliitwa Mara Tatu

Naliaka hakuwa mwizi wala tapeli, ila jina lake alilitoa kama mtu anavyompa jirani chumvi. Nambozo, mpangaji wa chumba cha pili pale mtaani Ruring'u, alikuwa ametoka Mbale, Uganda, ana mimba ya miezi minane na hana hata karatasi moja ya Kenya. Bila kitambulisho hakuna bima ya serikali, na bila bima angezalia wapi?

"Chukua kitambulisho yangu," Naliaka akamwambia. "Picha yenyewe ni ya zamani, na wewe na mimi lugha yetu ni karibu moja. Nani atajua?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini nani hukumbuka methali akishikwa na huruma?

Asubuhi damu ilipoanza kumtoka Nambozo, Naliaka alimfikisha hospitalini, akamwandikisha kwa jina lake mwenyewe, Naliaka, akamketisha kwenye benchi, kisha akatoka mara moja kumtafutia uji. Aliporudi alimkuta sakafuni, na watu wamemzunguka.

"Tulimwita mara tatu," nesi akasema. "Naliaka! Naliaka! Naliaka! Hakuitika. Tukadhani ametoka, tukachukua mwingine."

Akizimia vile, angeitikaje? Hilo halikuwa jina lake. Mtoto walimwahi, msichana wa kilo mbili kasoro. Mama hawakumwahi.

Siku ya tatu mama yake Nambozo alifika kutoka Mbale, na mochari wakamwambia hawana maiti ya jina hilo. Naliaka akamvuta kando, akamweleza yote huku akilia kwa aibu.

"Mayi, mama yangu, tukisema ukweli watamtoa mtoto kwa bima, na bado ako kwa mashine. Lia, lakini usitaje Nambozo. Taja Naliaka."

Mama mzee akamtazama sana. Naliaka alitamani apigwe kofi. Badala yake yule mama alijifunga leso kiunoni, akaingia, akaushika uso wa bintiye.

"Naliaka, mwanangu! Naliaka niliyekuzaa mimi!"

Naliaka alisimama mlangoni, mzima wa afya, akisikiliza anavyoliliwa. Hakuwahi kulichukia jina lake hadi siku hiyo.

Baadaye waliketi kwenye benchi lile lile, wakingoja habari za mtoto. Nesi akachungulia, faili mkononi.

"Mtoto wa Naliaka! Watu wake wa..."

"Niko!" mama mzee akaitika, na alikuwa ameshasimama.