Nyundo Imefungiwa Ofisini

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Jana ulipita getini umeinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano, naye alikuwa palepale anapokaa tangu afukuzwe, juu ya pipa tupu la lami, mgongo kwenye uzio, macho juu mwambani. Alikusalimu. Ukakohoa. Siku hizi kukohoa nako ni kuitikia salamu?

Ni mke wa marehemu kaka yangu. Mimi namwita shemeji. Ninyi mlimwita Mama Ringi mlipokuwa mkimhitaji, na mnamwita Mama Ringi sasa mnapomcheka. Jina ni lilelile, midomo ndiyo iliyogeuka.

Wewe unaijua kazi yake, lakini nitaieleza, maana karatasi haichagui macho ya kuisoma. Chini ya machimbo yetu ya mawe kuna ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na pembeni yake ubao wenye misumari. Kila anayepanda mwambani na mtaimbo wake huacha kibati chake, kipande cha bati chenye namba yake, msumarini; akishuka, anakichukua. Mpiga ringi akiona ukuta unatema vumbi, anaigonga kwa nyundo. Tunashuka mbio, mashine ya kusaga inazimwa, malori yanasimama. Kisha anautazama ubao. Kibati kikibaki, kuna mtu hajashuka.

Cha kaka kilibaki.

Nakumbuka vizuri, na najua kukumbuka kwangu kunawachosha. Ulikuwa msimu wa mvua. Mpiga ringi wa wakati ule, mzee mpole, aliuona ufa ukifunguka. Lakini msimamizi alikuwa ameshatoa amri: hakuna kugonga bila idhini yake, kwa sababu kila tukishuka, mashine inakaa na njaa. Basi mzee akaenda kuomba idhini. Msimamizi alikuwa na wageni. Mzee akasimama mlangoni, kofia mkononi, akingoja wamalize kucheka. Mpaka leo sijui walikuwa wakicheka nini.

Baada ya mazishi mzee yule hakurudi kazini, na shemeji akaiomba nafasi yake. Watu walishangaa: mjane ashinde chini ya jabali lililommeza mumewe? Hata mimi nilimuuliza.

"Shemeji," akaniambia, "nikikaa nyumbani nitakuwa naangalia nini?"

Kibati cha kaka alikitundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Kila asubuhi alikigusa kidogo kabla ya kutoka, kama mtu anayehakikisha kwamba amezima jiko.

Sasa tuje kwa siku ile. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mimi nilikuwa juu, wewe ulikuwa chini yangu kidogo, na changarawe zikaanza kutiririka, nyembamba, kama mtu anayemwaga mchele kutoka kwenye kiganja. Hatujasema neno, ringi ikalia. Shemeji hakuomba idhini ya mtu. Aligonga kama anayegombana na mlango. Tukashuka, vibati vyote vikatoka misumarini, tukasimama tukiutazama mwamba. Mwamba ukatutazama.

Haukuanguka.

Yule mpasua mawe tunayemwita Redio, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Jamani, mwamba unawasalimu. Unasema leo haujisikii vizuri, mje kesho."

Tulicheka hadi machozi. Hata shemeji alicheka, kiganja mdomoni. Ndipo msimamizi akatoka ofisini.

"Mama, nani amekutuma?"

"Ufa."

"Uko wapi huo ufa?"

"Uko ndani. Umetema changarawe."

"Kila mtu akigonga anavyojisikia, hapa patakuwa pa ngoma, si pa kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hukufundishwa hilo kwenu?"

"Nilifundishwa, baba. Mume wangu alilisikia la mkuu, akabaki juu. Kamuulize kama kilichovunjika ni guu."

Kicheko kikakatika. Msimamizi akamwondolea nyundo mkononi taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akaenda kuifungia ofisini. Aliporudi akauliza, "Nani mwingine aliyeziona hizo changarawe? Anyooshe mkono."

Nilinyoosha.

"Wewe ni shemeji yake. Mtu na shemeji yake ni sufuria na mfuniko. Nani mwingine?"

Ulikuwa umesimama mbele yangu. Nilikuwa naiona shingo yako. Ulikuwa unakung'uta changarawe kwenye kola.

Tukatolewa wawili, yeye na mimi.

Sasa wanatuita waasi. Haya, tuulizane. Sikukaa sana darasani. Nimesoma magazeti ya kufungia vitumbua na mabishano ya vijiweni, ila swali ninalo: ile ringi ilitundikwa kwa ajili ya nani? Msimamizi alikabidhiwa nyundo ili sisi turudi nyumbani tukiwa tunatembea. Siku alipoifanya nyundo iilinde mashine dhidi yetu, yeye ndiye aliyeasi. Alianza zamani. Sisi tumechelewa tu kumjibu. Wala usinijie na habari kwamba mwamba haukuanguka. Haki ya kugonga haingoji maiti aje kuitolea ushahidi. Tungengoja jiwe lenyewe lituambie kwamba tulikuwa sahihi, tungekuwa sahihi chini ya jiwe.

Lakini hoja hazimpi mtu wa kuzungumza naye. Nilipita kwake juzi jioni. Unakumbuka mlivyokuwa mkijaa kwenye kile chumba baada ya kazi, viatu vyenu vimezagaa mlangoni, mkimwambia chai yake ina mkono mzuri? Alikuwa amechemsha birika zima, kwa mazoea. Vikombe amevipanga.

"Kunywa, shemeji. Watu leo wamechelewa."

Nikanywa. Sote wawili tulijua hakuna aliyechelewa. Jirani alipita dirishani, akaongeza mwendo. Shemeji akavifunika vikombe vitupu kwa kitambaa, kimoja kimoja, inzi wasiingie.

Nikamwambia, "Tuondoke hapa. Machimbo si haya tu."

"Nikiondoka, nani atauangalia?"

"Hata ukiuangalia, nyundo huna."

"Nitapiga kelele."

Mashine ile ikisaga, hata radi haisikiki. Anajua. Amesimama kando yake miaka yote hiyo. Alinitazama kama anayeniomba nisimwambie, nami sikumwambia. Nyuma ya mlango kibati cha kaka kilikuwa kinang'aa kwa kuguswaguswa.

Nafasi yake hawajampa mtu. Mlinzi ameambiwa atupe jicho, na mlinzi analinda geti, mwamba kaupa kisogo. Asubuhi mnaendelea kutundika vibati vyenu kwenye ubao usio na wa kuusoma.

Nilikusudia kuishia hapa, ubaki na aibu yako, nami nibaki na hasira yangu. Haya ya mwisho naongeza nikiwa nje ya geti, karatasi juu ya goti.

Mvua imekatika sasa hivi. Shemeji ameshuka kwenye pipa, ameshika waya wa uzio kwa mikono miwili. "Shemeji, tazama," ameniambia. Nimetazama. Ukuta wote umelowa, lakini pale palipotema changarawe panatoka vumbi. Vumbi kavu, kwenye jiwe lililolowa. Linatoka ndani.

Anapiga kelele. Nipo hatua chache tu kutoka kwake na simsikii, mashine inasaga. Mlinzi amenisukuma kifuani, anasema waliofukuzwa wana maneno mengi. Dereva wa lori linaloingia amekubali kukupa karatasi hii mkononi, kwa sababu wewe leo uko chini, kwenye mashine, karibu na ringi kuliko mtu yeyote. Nimemwambia akuonyeshe mstari huu kwanza.

Usiende ofisini. Usisimame mlangoni na kofia mkononi. Usimtafute Redio umuulize anaonaje. Nyundo wameifungia, lakini umesimama katikati ya machimbo ya mawe! Okota jiwe. Gonga ringi. Gonga mpaka ubao ubaki misumari mitupu, na ukuta usipoanguka, njooni kwa Mama Ringi mtucheke sote wawili, chai ipo.

Inua mkono. Gonga sasa.