Vikao Kumi na Saba vya Baba Imelda

Mimi sisahau. Muulize mtu yeyote kwenye foleni ya malori hapa Tunduma, ninapokaa na sindano yangu nikishona maturubai yaliyochanika. Nakumbuka aliyetuahidi kisima, na shati alilovaa siku hiyo. Nimeandika barua arobaini na tatu kwa wakubwa mbalimbali, na nakala zote ninazo kwenye kiroba chini ya kitanda. Majibu ninayo mawili. Moja linasema nimekosea anwani.

Watu wananiita Hoja. Madereva wa Zambia nao wamelidaka jina: "Mulishani, Hoja!" wananisalimu, kisha wanapita haraka, maana anayesimama anapewa habari yote tangu mwaka tisini na tano. Sheria nimejifunza kwenye magazeti yaliyofungia maandazi, ndiyo maana kuna vifungu navijua nusu tu, nusu nyingine ikiwa imelowa mafuta.

Kinachoniuma kuliko vyote ni orodha. Mwaka 2011, nilipokuwa bado nalima upande wa Isansa, karani wa mbolea ya ruzuku aliliruka jina langu. Aliandika la aliyenitangulia, akaandika la aliyenifuata. Nilipokwenda kumdai akaniambia, "Mzee, kilichoandikwa ndicho tunachokijua." Mahindi yangu yalitoka ya njano kama wagonjwa. Jioni ile nilimwambia mke wangu, Anna, kwa sauti iliyowafikia majirani: "Kuanzia leo, popote penye orodha, jina langu liwemo! Niwepo nisiwepo, liandike! Hawatanifuta tena!"

Anna ni mtu wa kuyatii maneno ya kijinga kikamilifu, hadi yamrudie aliyeyasema.

Basi mwaka huu, siku moja asubuhi, mwanamke mmoja alisimama mbele ya turubai langu. Alikuwa Mwalimu Erica, mwalimu mkuu mpya wa shule anayosoma binti yangu Imelda. Alikuwa amehamia Januari kutoka Itumba.

"Wewe ndiye Aliko Nsajigwa?"

Nikajua amefuata ile barua yangu ya vyoo vya shule. "Ndiye. Na nakala ninayo."

"Nakala ya nini tena? Nimekuja kukupongeza, Baba Imelda."

Alinieleza kwamba tangu afike, kila akiitisha kikao cha wazazi anaona vitenge vitupu. Akafungua madaftari ya mahudhurio ya miaka ya nyuma kutafuta kama shule ile iliwahi kumwona baba. Akamkuta mmoja.

"Vikao kumi na saba. Tangu mtoto aanze la kwanza hadi mwaka jana hujakosa hata kimoja! Jumamosi nimewaita akina baba wote. Nataka wakuone, uwaambie unawezaje."

Mtu mwaminifu angesema: Mwalimu, shule hiyo naijua ukuta wa nje tu, na ninaujua kwa sababu niliulalamikia. Mimi nilisema, "Ni wajibu tu, Mwalimu." Kisha nikainamia turubai kama mtu aliyeona tundu.

Nyumbani Anna alicheka mpaka akauweka mwiko chini.

"Ulisema popote penye orodha."

"Nilimaanisha orodha za haki!"

"Hukutaja. Wenzangu waliandika majina yao, mimi nikaandika la mheshimiwa."

Imelda hakucheka. Alikuwa anafua shati lake la shule. "Baba, Mwalimu amesema mimi ndiye nitakayekutambulisha. Nisimame niseme umehudhuria vikao kumi na saba."

"Sawa, kuna shida gani?"

"Darasa zima wanajua anayekuja ni mama. Juzi juzi tu alikaa benchi moja na mama yake Happy. Nikisema hivyo wataniita mwongo hadi namaliza la saba."

"Wewe sema tu. Kilichoandikwa ndicho wanachokijua."

Alinitazama, akaendelea kufikicha kola iliyokwisha kutakata. Na mimi, mwenye kumbukumbu za kutisha, sikukumbuka nilikowahi kuyasikia maneno hayo. Niliketi nikaandika hotuba. Ilifika kurasa kumi na nne, na kwenye ukurasa wa tisa ndipo neno "mtoto" lilipotokea kwa mara ya kwanza.

Jumamosi akina baba walijaa, yapata arobaini. Sijidanganyi, walisikia kwamba Hoja ataongea, wakaja kuona nitamtukana nani. Mbele kabisa alikaa Luhaga, muuza ng'ombe, amechomeka fimbo yake katikati ya magoti.

Mwalimu Erica akamwita Imelda mbele.

"Naitwa Imelda Aliko, wa darasa la sita. Huyu ni baba yangu. Baba yangu ame..."

Mkono wake ulikuwa umekamata pindo la sweta.

"Endelea, usiogope," mwalimu akasema.

"Baba yangu ame..."

Kwenye madirisha, watoto wenzake walianza kusukumana kwa vicheko. Imelda akageuka kunitazama. Hakuwa anaomba msaada. Alinitazama vile nilivyomtazama karani mwaka 2011, na hapo kumbukumbu yangu, iliyolala wiki nzima, ikaamka na kunizaba kofi.

Nikasimama. "Mwalimu, mwache mtoto."

Mdomo wangu una mazoezi ya miaka thelathini. Siku hiyo haukupata kifungu hata kimoja.

"Hajasahau. Anaona aibu kusema uongo, na uongo wenyewe ni wangu. Sijahudhuria kikao hata kimoja. Mke wangu ndiye aliyekuwa anakuja, jina akiandika langu, kwa sababu nilimwamuru."

Kisha Luhaga akaegemea fimbo yake. "Yaani Hoja, miaka yote unatupigia kelele za wafanyakazi hewa, kumbe wewe ni mzazi hewa?"

Chumba kikalipuka. Kuhusu wafanyakazi hewa nimeandika barua tatu.

"Hewa kabisa," nikasema.

"Bora mimi basi, bwana! Mimi sikuja, na jina langu halikuja!"

"Bora wewe," nikakubali. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukubaliana na mtu kikaoni.

Mwalimu Erica hakucheka wala hakufoka. Alilifunga daftari la mahudhurio. "Basi wa mfano sina. Ila nina akina baba arobaini ambao hawajawahi kuja, na leo wamekuja. Kila mmoja amfuate mwanawe darasani akaone madaftari yake. Hotuba hakuna."

Kurasa kumi na nne! Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hoja moja tu ya utaratibu..."

"Baba Imelda. Mfuate mtoto."

Nilimfuata. Kwenye baraza kulikuwa na milango mingi inayofanana, na sikujua la sita ni upi. Imelda alitangulia bila kugeuka, lakini niliona amepunguza mwendo.

Dawati lilinibana magoti. Akatoa daftari la Hisabati. Kila baada ya kurasa chache mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Mzazi aone," na chini yake kuna sahihi ya Anna. Nikaona nibadilishe mazungumzo.

"Hili dirisha halina kioo. Hivi mnajua kisheria..."

"Baba, liache dirisha. Tazama hapa. Robo jumlisha theluthi."

"Hiyo rahisi. Mbili juu ya saba."

Alinikodolea macho. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kufua, kicheko kisicho na huruma hata kidogo.

"Baba! Hilo ndilo kosa la darasa la nne."

Akafungua ukurasa mtupu, akasogea ukingoni mwa benchi ili nipate nafasi, akanipa kalamu yake.

"Kwanza unatafuta nini?"

"Sijui," nikasema.

"Sawa," akasema Imelda. "Andika robo."

Nikaandika.