Dheere Si Jina

Acha niseme mapema: kosa ni langu, na sitaki mtu aniliwaze.

Mdogo wangu Deka alipata mchumba miaka miwili baada ya talaka. Sote hapa mtaani Bordesley Green tulimjua kwa jina la Abdi Dheere, yaani Abdi Mrefu, maana akiingia kwa Deka lazima ainame mlangoni. Mpole, msafi, salamu mpaka zikuchoshe. Mama alimpenda kuliko alivyotupenda sisi. Mimi kuna kitu kimoja tu kilinikera. Kila akitumwa kumchukua Anisa, binti ya Deka wa miaka tisa, bwana yule alimsubiri kona ya mbali, mvua ikimnyea. Kwenye geti la shule hakufika hata siku moja. Mara mguu unauma, mara ana simu.

Hapa Uingereza waliohukumiwa kwa kuwanajisi watoto huandikwa kwenye orodha ya polisi, na yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto anaruhusiwa kwenda kuuliza. Nikaenda. Askari wa kike, Paramjit, akanitaka jina kamili la mtu huyo na tarehe ya kuzaliwa. Nikasema Abdi Dheere, mosi Januari. Akaniangalia. Ebo, hata mimi ni mosi Januari! Mama, Deka, nusu ya mtaa, sote tulizaliwa siku moja, kwa kalamu ya karani wa kambi ya wakimbizi.

Baada ya wiki tatu akanipigia: hakuna lolote la kueleza. Nikashusha pumzi. Na kwa ujinga wangu nikamwambia Deka kwamba nilikuwa nimeuliza, nikidhani atafurahi.

"Ni wivu tu, Batula!" alinifokea. "Wewe mume huna, basi unataka na mimi nikose!"

Mama akaniamuru niombe radhi. Nikaomba. Nikampikia mwanamume yule pilau ya kuomba radhi, wallahi, kwa mikono hii.

Nikaha ilifungwa nyumbani kwa mama, mtaa wa Alum Rock. Wanaume sebuleni, sisi jikoni, mlango wazi. Nikamsikia sheikh akisoma jina la bwana harusi: Abdiweli, mwana wa Sahal, mwana wa Dahir. Mwiko ukaniponyoka. Dheere si jina! Dheere ni urefu. Nilikuwa nimewapelekea polisi kimo cha mtu. Mimi, Msomali, niliyefundishwa kuwataja mababu kabla sijajua kufunga viatu, nilisahau kuuliza huyu ni mwana wa nani.

Ningepiga kelele? Ningesema nini, na juzi tu nilikuwa nimeomba radhi? Nikanyamaza, wenzangu wakapiga vigelegele.

Asubuhi yake nikampigia Paramjit, nikampa majina yote matatu. Safari hii hazikupita wiki tatu. Kesho yake walikuwa kwa Deka, yeye na mwanamke mmoja wa ustawi wa watoto. Mimi nikaambiwa ningoje nje. Kuuliza anauliza yeyote, lakini jibu hupewa mzazi, naye hutia sahihi kwamba hatamwambia mtu.

Nilikaa kwenye ngazi nusu saa nzima. Walipoondoka nikaingia. Deka alikuwa mezani, uso umempauka.

"Wamesemaje?"

"Nimetia sahihi. Siruhusiwi kusema."

"Deka, mimi ni dada yako!"

"Siruhusiwi." Akainamisha kichwa. "Ila hawezi kuishi nyumba moja na mtoto. Mmoja lazima atoke."

"Alhamdulillahi! Basi mabegi yake yarudi huko huko Stechford yalikotoka. Nitakusaidia kuyabeba."

Akapanda juu, nikasikia makabati yakifunguliwa na kufungwa. Nikajua anakusanya nguo za yule mwanamume. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Akashuka na begi la rangi ya waridi la Anisa, limejaa mpaka zipu imegoma.

"Atakaa kwako kidogo," akasema. "Mpaka mambo yatulie. Talaka ya pili siiwezi, Batula. Watu watasema nini?"

Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Nikamwita mnyama. Alilia, lakini begi hakulirudisha juu. Alilisukuma kwangu kwa mguu, Anisa, aliyeshuka nyuma yake, amesimama mlangoni anatazama.

Nikamshika mtoto mkono tukaenda kituoni kungoja basi. Mtoto huyu Kiswahili tulichotoka nacho kambini anakisikia tu, ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, tangu aanze kuongea. Siku hiyo midomo ilimchezacheza, anatafuta maneno. Halafu akanivuta mkono, akasema kwa Kiswahili, polepole asije akakosea:

"Mama mkubwa, mimi nimefanya kosa gani?"